Aarhus, mji unaogeuka rangi ukitembea

TEMBEA uone, walisema waliotutangulia. Mtu aliyejenga ujia wa vioo juu ya paa la jumba la sanaa la Aarhus, nchini Denmark, angeongeza maneno machache: tembea uone jinsi unavyoona.

Msomaji, hebu nikupeleke huko. Aarhus ni mji wa pili kwa ukubwa nchini Denmark baada ya Copenhagen. Uko kwenye rasi ya Jutland, na kutoka Copenhagen ni mwendo wa saa tatu hivi kwa garimoshi. Njiani garimoshi huzama katika handaki lililochimbwa chini ya bahari, likaibuka kwenye kisiwa kidogo, kisha likavuka maji yaliyosalia kwa daraja refu ajabu. Abiria wenyeji huwa wanasoma magazeti yao wala hawanyanyui vichwa. Mgeni ndiye anayeng'ang'ania dirishani.

Aarhus ni mji wa bandari, wa baiskeli na wa wanafunzi. Ukitoka stesheni, huhitaji kumsumbua mtu kwa kumwuliza njia. Tembea kama dakika kumi tu ukiinua macho na utaliona jengo la matofali mekundu, la mraba kama sanduku, ghorofa kumi kwenda juu. Hilo ndilo jumba la ARoS, lililofunguliwa mwaka 2004. Na juu ya sanduku hilo pamewekwa pete kubwa ya vioo yenye rangi zote za upinde wa mvua, kana kwamba mtoto wa jitu alivua bangili yake akaisahau pale.

Waliolisanifu jengo walimkumbuka mshairi Mwitaliano, Dante, aliyesimulia safari ya kutoka jehanamu hadi mbinguni. Ndiyo maana chini kabisa kuna vyumba vilivyopakwa rangi nyeusi, na mgeni hupanda ngazi za mviringo akiuelekea mwanga. Katika safari hiyo utakutana na sanamu ya mvulana aliyechutama, kazi ya Ron Mueck wa Australia. Kuchutama kwake tu kunakaribia mita tano! Ngozi, kucha na macho yake ni kama ya mtu hai, na watoto hupita mbele yake wakiwa wamewashika mama zao mikono. Lakini mvulana huyo na tumwache. Tulichokifuata kiko juu.

Juu pale jengo lilikuwa na paa lakini halikuwa na mbingu. Mwaka 2007 pendekezo la msanii Olafur Eliasson ndilo lililochaguliwa, na kazi yake ikafunguliwa mwezi Mei 2011. Ni ujia wa duara wenye urefu wa mita 150 na upana wa mita tatu, ulioinuliwa juu ya paa kwa nguzo nyembamba. Kuta zake za pande zote mbili ni vioo vya rangi, kuanzia nyekundu, kupitia rangi ya chungwa, manjano, kijani na samawati hadi zambarau, kisha ukarejea kwenye nyekundu bila kuona ni wapi rangi moja iliishia na nyingine ikaanza. Humo ndani hamna picha wala sanamu. Kuna wewe, kuna rangi, na kuna mji ulio nje.

Mwenyeji wangu, kijana wa Machakos aliyekwenda huko kusomea mambo ya maziwa, alinishika mkono nilipoanza kutimua mbio kama mtu anayewahi matatu ya mwisho. "Dada, polepole," akaniambia. "Hapa anayeharakisha haoni kitu."

Nikamsikiliza. Katika sehemu nyekundu, mnara wa kanisa kuu la Aarhus, wenye urefu wa mita 96, ulikuwa kama umeshika moto, na mawingu nyuma yake kama moshi wa moto huo. Katika manjano, ingawa nje ulikuwa mwezi wa Oktoba na baridi inauma, nilihisi jua la Lodwar. Kwenye kijani, watu waliopita barabarani walikuwa kama samaki ndani ya maji. Kwenye samawati nilifunga vifungo vya koti. Joto la ujia halikuwa limebadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni rangi peke yake, na mwili ukadanganyika.

Kisha kijana akanirudisha kwenye manjano, akaniambia nisimame pale nimhesabie mabasi yanayopita chini. Niliyahesabu. Baada ya dakika kadhaa nikagundua kwamba manjano imepotea. Mji ulikuwa mji wa kawaida, wenye paa zake na korongo za bandarini, kama ambaye hajavaa miwani yoyote. Kioo kilikuwa kile kile na hakuna aliyekigusa. Nilipopiga hatua chache kuingia kwenye kijani, kijani hicho kilikuwa kikali kuliko mara ya kwanza, hata nikapepesa macho. Kijana akacheka. Alikwisha kuwafanyia mchezo huo wageni wengi.

Siri yake haiko kwenye kioo. Nyuma ya jicho kuna utando wenye chembechembe zinazoupokea mwanga. Zile za kutambua rangi ni za aina tatu: moja huitikia zaidi mwanga unaoelekea wekundu, ya pili kijani, na ya tatu samawati. Ukizimulika kwa rangi moja muda mrefu, zinazohusika huchoka kama mpagazi aliyebeba gunia mchana kutwa, nazo hupunguza bidii. Ubongo nao husawazisha hesabu, ukaamua kwamba hali hiyo ndiyo ya kawaida. Hapo ndipo rangi inapofifia. Ukihamisha macho ghafla, zile zilizochoka bado zinahema, na zile zilizokuwa zimepumzika zinapiga kelele peke yake. Basi unaona rangi ambayo haipo.

Mazoea yana tabu, sisi husema. Nadhani hilo ndilo neno ambalo msanii huyu amekuwa akilitafutia mwili kwa zaidi ya miaka thelathini.

Eliasson alizaliwa Copenhagen mwaka 1967, na wazazi wake wote wawili walitoka Iceland, kisiwa cha volkano na barafu kilichoko kaskazini ya mbali. Wazazi walitengana. Mtoto akakulia Denmark, lakini likizo alizipeleka Iceland kwa baba yake, ambaye alikuwa msanii na mpishi. Ujanani alikuwa mcheza brekidansi hodari, mambo yale yale yaliyowatoa jasho vijana wetu wa miaka ya themanini. Alisomea sanaa katika chuo cha kifalme cha Copenhagen kutoka 1989 hadi 1995, kisha akahamia Berlin, Ujerumani, alikofungua karakana. Ndani ya karakana hiyo utakuta mafundi, wasanifu wa majengo, watafiti, na hata jiko lenye wapishi wanaowapikia wote chakula cha mchana. Mtu aliyezoea kumwazia msanii kama mzee mmoja mwenye brashi na kofia iliyopinda, itambidi afikirie upya.

Sanaa yake huitwa instalesheni, yaani sanaa ya kusimika. Huitazami kutoka mbali kama picha iliyotundikwa ukutani. Unaingia ndani yake kama unavyoingia nyumbani mwa mtu. Vifaa vyake ni taa, maji, moshi, vioo, mawe, upepo. Moja ya kazi zake za mwanzo, ya mwaka 1993, ni chumba chenye giza, manyunyu ya maji yanayoshuka kutoka juu, na taa moja. Ukisimama mahali fulani unaona upinde wa mvua ndani ya nyumba. Ukisogea, hauuoni tena. Nawe na mwenzako mliosimama bega kwa bega hamuoni upinde mmoja: kila jicho huundiwa wake, kwa matone yake, kulingana na mahali lilipo. Waliowahi kusimama penye maporomoko ya Thomson kule Nyahururu jua likiwa mgongoni wanaujua upinde wa aina hiyo, ingawa huenda hawakujua kwamba kila mmoja aliondoka na wake.

Iliyolitangaza jina lake duniani haikuwa Denmark. Ilikuwa London. Kando ya mto Thames kuna jumba la sanaa la Tate Modern, ambalo zamani lilikuwa kituo cha kuzalisha umeme. Katika ukumbi wake mkubwa, palipokuwa na mitambo, Eliasson aliwasha jua mnamo Oktoba 2003. Kusema kweli lilikuwa nusu ya jua: taa kama 200 zilizopangwa nyuma ya kitambaa cha nusu duara. Dari yote ilifunikwa vioo, na nusu ya pili ikajitokeza humo. Mashine zilipuliza ukungu mwepesi wa maji na sukari. Taa zilikuwa jamaa ya zile za manjano zilizomulika barabara za miji yetu kwa miaka mingi, zenye kuua rangi nyingine zote, hata shati jekundu likaonekana la kijivu.

Basi watu walifanya nini? Walilala chini. Watu wa London, ambao hawaongei na jirani ndani ya garimoshi, walijilaza sakafuni chali, wakanyoosha mikono na miguu na kujitafuta kwenye vioo vya dari. Wengine walijipanga na watu wasiowajua ili miili yao iandike maneno. Hadi Machi 2004, jua lilipozimwa, zaidi ya watu milioni mbili walikuwa wamelizuru. Jambo ninalompendea msanii huyu ni kwamba hakuficha kitu. Aliyetaka aliweza kwenda nyuma ya jua na kuona nyaya na balbu zake. Mazingaombwe hutaka ufumbe macho. Huyu anataka uyafumbue, na bado unashangaa.

Si kila alichokifanya kiliombewa ruhusa. Kati ya 1998 na 2001 alimwaga mitoni rangi ya kijani isiyo na madhara, ambayo wataalamu huitumia kufuatilia mwendo wa maji, bila kumtangazia mtu. Alifanya hivyo Ujerumani, Norway, Iceland, Marekani, Uswidi na Japan. Katika jiji la Stockholm, mto upitao katikati ya mji uligeuka kijani kibichi mchana kweupe, na watu waliokuwa wakiuvuka kila siku bila kuutazama wakasimama darajani vinywa wazi. Sina hakika kama jambo hilo lingefaulu Nairobi. Mto wetu tumeuona ukipita na kila rangi, na hakuna aliyechelewa kazini kwa sababu hiyo.

Kicheko hicho kinatupeleka Iceland, ambako mambo hayana mzaha. Mgeni anayefika Reykjavik, mji mkuu, huonyeshwa kwanza jumba la muziki la Harpa lililofunguliwa mwaka 2011, lenye kuta za vioo ambazo Eliasson alizibuni kwa kuiga nguzo za mawe ya volkano zilizotapakaa kisiwani humo. Ni jengo zuri, na limepata tuzo kubwa ya usanifu ya Ulaya mwaka 2013. Lakini kazi yake inayonikaa rohoni haina ufundi wa aina hiyo. Ni picha za kawaida tu.

Mwaka 1999 alipita juu ya Iceland kwa ndege akipiga picha mito ya barafu, yaani yale matandiko mazito ya barafu yanayoteremka milimani polepole mno, mwaka baada ya mwaka. Wakati huo alitaka kuihifadhi sura yake tu. Mwaka 2019 alirudi angani, akaitafuta mito ile ile na kuipiga tena kutoka pale pale. Kisha akazipanga picha ubavu kwa ubavu, jozi 30. Huhitaji maelezo ya mtaalamu. Upande wa kushoto kuna ulimi mnene mweupe. Upande wa kulia ulimi umerudi nyuma, umekonda, umeacha mawe na matope, na pengine ziwa. Mwaka huo huo wa 2019, mwezi Agosti, wananchi wa Iceland walipanda mlima kwenda kuweka bamba la ukumbusho mahali ulipokuwa mto wa barafu wa Okjökull, ambao mwaka 2014 ulitangazwa kuwa umekufa. Naam, bamba, kama tunavyomwekea marehemu.

Kumbuka lile dirisha la manjano la Aarhus. Barafu hiyo haikuyeyuka usiku mmoja. Iliyeyuka mbele ya macho ya watu, wakichunga kondoo na kuwapeleka watoto shuleni, na kila asubuhi jicho likasawazisha hesabu yake na kusema hali ni ya kawaida.

Wala hatuna haja ya kwenda Iceland kulitafuta hilo. Mwishoni mwa karne ya 19 mlima Kenya ulikuwa na mito ya barafu 18. Mingi kati yake haipo tena. Ule mkubwa unaoitwa Lewis ulipimwa mwaka 1934. Kufikia mwaka 2010 ulikuwa umepoteza sehemu tisa kwa kumi za barafu yake. Ni jambo la kawaida kumkuta mzee wa Nyeri au Nanyuki akisimulia jinsi kilele kilivyokuwa kikimeta alipokuwa mtoto. Ukimwuliza ni mwaka gani kilipoacha kumeta, hana jibu. Angelijuaje? Alikuwa akikitazama kila siku.

Eliasson hakutosheka na picha. Akishirikiana na mtaalamu wa miamba Minik Rosing, aliopoa vipande vya barafu vilivyokuwa vimekwisha kumeguka na kuelea baharini huko Greenland, akavisafirisha hadi mijini. Vilianza Copenhagen mwaka 2014. Desemba 2015, wakati viongozi wa dunia walipokuwa Paris wakijadili hali ya hewa, vipande 12 vilipangwa uwanjani mbele ya jengo la Panthéon mfano wa saa ya ukutani, vikaachwa viyeyuke. Mwaka 2018 ikawa zamu ya London. Watoto waliviramba. Watu wazima waliviegemezea masikio kusikiliza hewa ya zamani za kale ikipasuka na kutoka.

Wapo waliomkosoa: itakuwaje mtu achome mafuta kuivuta barafu kutoka Greenland ili awafundishe watu kwamba mafuta yanaiyeyusha barafu? Swali hilo ni la haki. Yeye na wenzake walikadiria kwamba safari ya Paris iligharimu tani 30 za hewa ya kaboni, wakaitangaza hesabu wenyewe. Mimi naona kosa lingekuwa kubwa zaidi kama wangenyamaza, ingawa sitabishana na mtu anayesema picha zile za ndege zilitosha. Binafsi zilinitosha.

Kitu kimoja chake kilikwisha kufika karibu na kwetu. Mwaka 2012, yeye na mhandisi Frederik Ottesen walitoa taa ndogo ya nguvu za jua inayovaliwa shingoni kwa kamba, ya manjano, yenye umbo la ua la Meskel linalochanua Ethiopia mvua kubwa zinapomalizika. Ilibuniwa kwa ajili ya nyumba zisizo na stima, kama zile za Ethiopia, ili mtoto asisomee kwenye moshi wa koroboi. Penye stima iliuzwa kwa bei ya juu, ili pasipo na stima iuzwe kwa bei nafuu. Ilizinduliwa pale pale Tate Modern, na katika baadhi ya usiku taa za jumba zilizimwa kabisa, wageni wakatembea gizani wakizitazama picha kwa vijijua hivyo mikononi.

Nauli ya kwenda Denmark si ya kila mtu, najua. Kwa hivyo Jumapili hii wakusanye watoto sebuleni. Tafuta kitu chekundu chenye rangi kali, beseni la plastiki au kifuniko cha ndoo, ukiweke mahali penye mwanga mzuri. Kila mtu akikazie macho mahali pamoja kwa nusu dakika bila kuyapepesa, kisha ahamishe macho haraka kwenye shuka jeupe au ukuta mweupe. Patatokea duara la rangi nyingine kabisa, likielea. Waulize mmoja mmoja ni rangi gani, kabla hawajasikia majibu ya wenzao. Mdogo atasema kijani, mkubwa atashikilia ni samawati, na mama yao atasema nyote hamjui rangi.